Siku ya Pili ya Krismasi

Gazeti hili litakapofika mikononi mwenu, wasomaji wapenzi, tutakuwa tukihesabu siku za kufunga shule, na wengi wenu mtakuwa mmekwisha kupanga habari zote za Krismasi: nani atakuja, kuku yupi atachinjwa, na shati lipi litapigwa pasi. Nimewauliza wenzangu bwenini, mmoja mmoja, watafanya nini tarehe 25 Desemba, na kila mmoja alikuwa na jibu refu. Kisha nikawauliza watafanya nini tarehe 26. Wengine walisema watalala. Wengine walicheka tu. Mmoja aliniuliza kama siku hiyo ni sikukuu kweli, au ni siku ya kupumzisha tumbo.

Ni sikukuu kweli. Hapa kwetu Uganda imeandikwa katika orodha ya sikukuu za serikali, na kadhalika kwa jirani zetu wa Kenya na Tanzania. Sote tuliirithi kwa Waingereza pamoja na jina lake, Boxing Day. Kwa kuwa jina hilo limewapotosha watu wengi, heri nianze nalo.

Mtu ajuaye Kiingereza kidogo hudhani kwamba hii ni siku ya kupigana ngumi. Sivyo. Jina latokana na boksi, yaani sanduku. Hapo kale huko Uingereza vijana wanaojifunza kazi kwa mafundi walikuwa na visanduku vya udongo vyenye ufa juu, mfano wa vile ambavyo watoto hutilia akiba zao. Wakati wa Krismasi wateja wa fundi walitumbukiza humo senti kidogo, na kisanduku kilipojaa kikavunjwa, vijana wakagawana. Bwana mmoja wa London, Samuel Pepys, aliyekuwa mtumishi mkubwa katika ofisi ya manowari za mfalme, aliandika katika daftari lake la kila siku, mwezi wa Desemba 1663, kwamba alikwenda kwa fundi wake wa viatu, akalipa deni lake lote, akatia kitu katika kisanduku cha vijana wa pale kwa ajili ya Krismasi. Angalieni mpango wake: kwanza deni, kisha zawadi. Kwetu wako wengi ambao hufanya la pili ili wasahauliwe la kwanza.

Katika nyumba kubwa za Waingereza mambo yalikuwa hivi. Siku ya Krismasi yenyewe watumishi hawakuweza kupumzika, maana ndiyo siku ambayo bwana na wageni wake walikula kuliko siku zote. Mpishi alikesha, mtunza farasi alikesha, na msichana wa kuwasha mioto aliamka kabla ya wote. Basi kesho yake walipewa ruhusa waende kwa wazazi wao, kila mmoja na zawadi yake mkononi. Wachukuzi wa barua na vijana wa duka nao walipita mlango kwa mlango siku hiyo kupokea chao. Mwaka 1871 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya sikukuu za mabenki, na tarehe 26 Desemba ikawa siku ya mapumziko katika Uingereza, Wales na Ireland. Waskoti walichelewa sana. Kwao haikuwa sikukuu ya namna hiyo mpaka mwaka 1974.

Sisi twaijua desturi ya kisanduku bila kufundishwa na mtu. Nani kati yetu hajamsikia mlinzi wa mlangoni, au kijana wa kubeba mizigo stendi ya mabasi, akisema katika mwezi wa Desemba, "Bwana, Krismasi yangu iko wapi?" Watu hukasirika, husema huyu ni mwombaji. Lakini yeye aomba jambo lile lile walilokuwa wakiomba vijana wa fundi viatu miaka zaidi ya 350 iliyopita. Na ndugu zetu Waislamu wa pwani wana neno zuri kuliko letu: mtoto hupita kwa jamaa kuwasalimu, akapewa mkono wa Idi. Tena siku zao zina majina yaliyo wazi kabisa, Idi Mosi na Idi Pili, na hakuna Mswahili aulizaye Idi Pili ni ya nini. Kama tungalisema Krismasi Mosi na Krismasi Pili, nafikiri nisingalikuwa na haja ya kuandika habari hizi.

Hata hivyo, wapenzi wa ngumi wasikate tamaa. Ngumi nazo zimeingia katika siku hii kwa mlango wake. Tarehe 26 Desemba 1908, katika mji wa Sydney, Australia, Mmarekani mweusi aitwaye Jack Johnson alipigana na Tommy Burns wa Kanada, bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Mpaka siku ile hakuna mtu mweusi aliyekuwa amepewa nafasi ya kupigania ubingwa huo. Raundi ya 14 polisi waliingia wakausimamisha mchezo, kwa sababu Burns alikuwa ameshindwa vibaya, na Johnson akawa bingwa. Mnapoulizwa tena kama Boxing Day ni siku ya ngumi, jibuni kwamba siyo, ila mara moja ilikuwa hivyo, na dunia nzima ikasikia.

Katika kanisa siku hii ni ya Mtakatifu Stefano, na ndiyo maana Waireland huiita kwa jina lake. Wengi hukumbuka kwamba Stefano alipigwa mawe. Wachache hukumbuka kazi aliyokuwa ameteuliwa kuifanya kabla ya hapo. Someni Matendo ya Mitume, sura ya sita: wajane wengine walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku, manung'uniko yakazuka, ndipo wakachaguliwa watu saba wa kusimamia meza, naye Stefano ni wa kwanza kutajwa. Kwa hiyo kanisani na katika nyumba za Waingereza siku imeangukia jambo lile lile, yaani chakula, na watu waliosahauliwa wakati wengine wakila.

Sasa tuje nyumbani. Ikiwa siku hii ni ya wale waliohudumu jana, je, kwetu nani alihudumu jana? Sisi hatuna mpishi wala mtunza farasi. Tuna mama, na tuna dada zetu.

Kwetu ni Tororo, na nyumba yetu haina tofauti na za jirani. Siku ya Krismasi mama huamka saa kumi ya usiku ili nyama iwe motoni kabla ya Misa. Akirudi kanisani havui hata kitambaa cha kichwani, huingia jikoni. Wageni huja kwa mafungu. Kila fungu hupewa chai, kisha wali, kisha soda, na kila fungu huacha sahani. Dada zangu wawili huteka maji kisimani mara nne au tano. Jioni baba husema, "Leo tumekula vizuri," nasi wavulana huitikia. Kesho yake mama huamka mapema tena, maana wageni wengine wamelala pale pale na sahani za jana zinangoja.

Mwaka jana mimi na wadogo zangu wawili tulimwambia mama usiku wa tarehe 25 kwamba kesho asiingie jikoni mpaka jua lizame. Alifikiri ni mzaha. Asubuhi alitukuta moto umewaka, mtoto wa mwisho anasugua masufuria kwa majivu, na mimi napasha mchuzi. Akakaa kwenye mkeka chini ya mwembe. Akaondoka, akaja kuchungulia. Akarudi, akakaa. Mara ya tatu bibi yetu, mama yake baba, akamshika nguo akamwambia, "Keti, mwanangu. Mimi nimeolewa miaka hamsini, sijaona siku ya namna hii, usiniharibie." Jirani mmoja aliyepita alituuliza kama mama ni mgonjwa. Baba hakusema kitu, lakini saa sita alichukua kisu akaja kumenya ndizi pamoja nasi, akamenya vibaya, hakuna aliyemwambia.

Mchezo wote huo haukutugharimu hata shilingi moja. Nawaambieni kwa hakika kwamba ilikuwa siku ya furaha kuliko ile ya jana yake. Dada zangu walikwenda kusukana nywele kwa rafiki zao tangu asubuhi, wakarudi jioni kama wageni, wakauliza chakula kiko wapi.

Kwa kuwa nimetaja kupasha mchuzi, nataka nikae kidogo juu ya habari za kiporo. Waingereza siku hii hula mabaki. Nyama ya bata mzinga iliyobaki hukatwa vipande vyembamba ikatiwa katika mkate, na viazi na kabichi za jana hupondwa pamoja vikakaangwa. Wengi wao husema mlo huo ni mtamu kuliko ule wa siku yenyewe, nami nasadiki, maana kiporo chetu nacho kina utamu ambao chakula kipya hakina. Lakini wao Desemba yao ni ya baridi kali. Chumba kisicho na moto ni kama jokofu. Sisi Desemba yetu ni ya jua. Nyama yaweza kulala vizuri ikiwa ilichemshwa sana usiku, ikafunikwa, na asubuhi ikachemshwa tena mpaka itokote. Wali ni habari nyingine. Wali uliopikwa ukikaa katika joto usiku kucha, huweza kuota vijidudu vyenye sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto mara ya pili. Kwa hiyo wali wa Krismasi upimwe vema, na ukibaki upelekwe kwa jirani jioni ile ile ungali wa moto. Hapa tena twarudi kwa wajane wa Stefano. Karibu na kila nyumba yupo mzee mmoja ambaye watoto wake hawakuja mwaka huu.

Baada ya chakula, mpira. Hapa Waingereza wana historia ndefu, na wapenzi wa Arsenal na Manchester walio bwenini mwangu wasikilize. Tarehe 26 Desemba 1860 timu mbili za mji wa Sheffield, yaani Sheffield na Hallam, zilikutana katika uwanja wa Sandygate. Ndio mchezo wa kwanza unaojulikana kati ya vilabu viwili mbalimbali, na Sheffield walishinda 2 kwa 0. Tangu hapo mpira na siku hii vikawa ndugu. Mwaka 1963 siku hiyo ilitoa maajabu: michezo 10 ya daraja la kwanza ilizaa magoli 66. Fulham waliwafunga Ipswich 10 kwa 1, na Burnley wakawafunga Manchester United 6 kwa 1. Walikula nini siku ya Krismasi sijasoma mahali. Lakini jambo la kuchekesha zaidi ni kwamba baada ya siku mbili timu hizo zilirudiana. Ipswich wakashinda 4 kwa 2, na Manchester United wakashinda 5 kwa 1. Siku hizi desturi imepungua. Tarehe 26 Desemba 2025 ligi kuu yao ilipanga mchezo mmoja tu, jambo lililowaudhi watu wengi huko na wengi zaidi katika mabanda yetu ya video.

Mchezo nipendao kuusimulia kuliko yote ni wa mwaka 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wasichana waliokuwa wakifanya kazi katika kiwanda cha Dick, Kerr mjini Preston waliunda timu. Tarehe 26 Desemba 1920 walicheza na wasichana wa St Helens katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool. Watu 53,000 waliingia, na maelfu wengine walifungiwa nje kwa kukosa nafasi. Dick, Kerr walishinda 4 kwa 0. Fedha za mlangoni zilikwenda kwa askari waliorudi vitani. Mngedhani wakubwa wa mpira wangefurahi. Haukupita mwaka: tarehe 5 Desemba 1921 chama cha mpira cha Uingereza kilipiga marufuku wanawake wasicheze katika viwanja vya vilabu vyake, kikisema mchezo huu hauwafai wanawake. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 50. Mimi nionavyo, watu 53,000 ndio waliowatia hofu.

Kijijini kwetu mchezo wa siku hii ni wenye ndoa na makapera. Hauhitaji njumu wala mwamuzi wa chama. Wenye ndoa huleta mbuzi, makapera huleta kelele. Wenye ndoa huanza kwa nguvu sana mpaka dakika ya kumi na tano, kisha kila mmoja hujitafutia kivuli karibu na mstari. Mwaka jana kabla ya mchezo huo walicheza wasichana wa kata mbili, na nilihesabu watu wakitoka sokoni kuja kutazama, wakaacha bidhaa zao kwa watoto. Dada yangu mdogo alikuwa mlinda mlango. Kama mama yetu angalikuwa jikoni siku ile, dada asingaliweza kucheza, maana angalikuwa kisimani. Jambo moja huvuta jingine namna hiyo.

Kwa wale wasiopenda mpira, Waingereza wanayo mengine. Wako waendao kutazama mbio za farasi pale Kempton Park, ambapo kombe la Mfalme George wa Sita hushindaniwa siku hii tangu mwaka 1947. Wako waliokuwa wakiwinda mbweha kwa mbwa na farasi, mpaka sheria ya mwaka 2004 ikakataza. Sasa mbwa hufuata harufu iliyoburutwa chini, na mbweha hulala. Na wako wenye moyo wa ajabu ambao huingia baharini. Katika mji mdogo wa Tenby, Wales, tangu mwaka 1970 watu hukusanyika ufukweni siku hii wakiwa wamevaa mavazi ya kuchekesha, wakatumbukia katika maji ya baridi kali, wakatoka mbio huku wakitetemeka, na fedha wanazochangiwa huenda kwa wenye shida. Watazamaji huwa wengi, nao hubaki na makoti yao.

Nanyi wa Entebbe na Jinja mnajua kwamba kwetu pia watu hukimbilia maji siku hiyo. Sina neno, ila nasema mwende mchana, wenye kujua kuogelea wawe karibu, na aliyekunywa pombe akae mchangani. Maji hayana sikukuu. Mwaka 2004 siku hii hii mawimbi makubwa yaliyoanzia karibu na Sumatra yalivuka Bahari ya Hindi, yakaua watu zaidi ya 200,000. Yalifika mpaka huku kwetu Afrika ya Mashariki: Somalia walikufa mamia, na katika Kenya na Tanzania walikufa wachache, miongoni mwao watu waliokuwa wakiogelea. Mombasa polisi waliwaondoa watu ufukweni, na kwa sababu hiyo wengi waliokoka.

Mimi ni mtu wa milima. Waingereza wengi baada ya shibe ya Krismasi hutoka kwenda matembezi marefu, familia nzima na mbwa wao, nami nasifu desturi hiyo kuliko zote, kwa kuwa haina kiingilio. Sisi Tororo tuna jabali letu lililosimama katikati ya mji kama jino. Ukipanda mapema, kabla jua halijawa kali, utafika juu ukiwa na pumzi bado, na siku ikiwa safi utauona Mlima Elgon upande wa kaskazini mashariki, na nchi ya Kenya chini yako kama ramani ya mwalimu wa jografia. Chukueni maji na viazi vitamu vilivyochemshwa. Nendeni na wadogo zenu. Wao huona mambo ambayo sisi hatuyaoni, kama vile gari la moshi likiwa dogo kuliko jongoo.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kuna namna ya kuipitisha siku hii ambayo haihitaji kufundishwa na gazeti. Kijana amelala mpaka saa tano. Jana alikuwa na nguo mpya na watu wengi. Leo hana la kufanya, na mfukoni zimebaki shilingi kidogo ambazo aona aibu kurudi nazo. Rafiki yake ana pikipiki. Basi huenda kwenye pombe ya wimbi, huketi na mirija yao mpaka jioni, kisha hutafuta muziki ulio mbali. Miaka miwili iliyopita vijana watatu wa mtaani kwetu walipanda pikipiki moja jioni ya tarehe 26, wakashika barabara kubwa ya Malaba, ile yenye malori. Mmoja wao alikuwa amenitangulia darasa moja katika shule ya msingi, ndiye aliyenifundisha kupiga mpira kwa mguu wa kushoto. Walirudi wawili. Tulimzika tarehe 28, na nguo yake ya Krismasi ndiyo aliyozikwa nayo.

Hakuwa mlevi. Hakuwa mtu mbaya. Mama yake aliniambia baadaye, "Laiti mtu angalimwita mahali." Neno hilo sijaliacha mpaka leo. Siku ile hakuna aliyemwita kokote, wala mimi. Kila mtu alikuwa amelala.

Kwa hiyo mwaka jana, baada ya kumwondoa mama jikoni, tulianza pia desturi nyingine, nami napenda ninyi mliotutangulia katika shule hii mwisikie. Siku ya Krismasi kila mtu yuko kwao. Lakini kesho yake mko kijijini, hamjarudi Kampala wala Nairobi, nauli ya basi ingali juu na bosi hajaita. Katika mwaka mzima hakuna siku nyingine ambayo tunaweza kuwapata ninyi nyote pamoja. Sisi tunaomaliza shule tuna maswali ambayo waalimu hawawezi kuyajibu yote. Tuliwaomba wanafunzi wa zamani wawili, mmoja mwuguzi katika hospitali ya wilaya nyingine, mmoja fundi wa umeme, waje waketi nasi saa mbili tu. Walikuja vijana wengi kuliko viti. Mwuguzi alitueleza jinsi ya kujaza karatasi za kuomba chuo, na ni mambo gani yaliyomfanya akataliwe mara ya kwanza. Fundi alitueleza mshahara wake bila kuficha, akatuonyesha mkono wake uliochomwa, akasema kazi ni nzuri na kwamba asiyejua hesabu asije. Mmoja wa wale waliorudi wa pikipiki alikuwepo. Leo anajifunza kwa yule fundi.

Hatukutoa soda. Tulitoa maji, karanga, na mchuzi uliobaki wa jana kwa wale waliokuwa na njaa. Mwishoni mwa kikao bibi alipitisha kibuyu, akasema kila aliyekula Krismasi atie kitu kwa ajili ya mzee mlinzi wa soko ambaye alikesha jana watu wote walipokuwa wakisherehekea. Bibi hajasoma habari za kisanduku cha udongo, wala sijamsimulia. Zilipatikana shilingi za kutosha kilo mbili za sukari na sabuni, na watoto wakazipeleka mbio.

Mwaka huu tutakutana tena tarehe 26 Desemba, saa nne asubuhi, chini ya mwembe ule ule, nyuma ya soko la kata yetu. Wa Tororo, wa Busia na wa Mbale mnakaribishwa, nanyi wa mbali fanyeni yenu kwenu. Wanafunzi wa zamani wenye kazi yoyote, hata ile mnayoiona ndogo, njooni tuwaulize. Saa tisa ni mpira wa wasichana, saa kumi wenye ndoa na makapera. Wenye ndoa wamekwisha kuonywa wafanye mazoezi. Wavulana wote wafike wakiwa wamekwisha kuosha masufuria ya kwao, na kila mmoja aje na kiti chake.